Mkimbiaji wa Langas, Anzia Bondeni

Anayekaa Langas, mtaa wa Eldoret, anaishi juu kuliko anavyodhani. Jiji la Eldoret liko karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, lakini kwa kuwa uwanda wenyewe umetandaa, hakuna kilele cha kumkumbusha mtu kwamba yuko mlimani. Mlima wa sehemu hii hujulikana kwa kingo zake. Ukielekea mashariki ukapita Iten au Kaptagat, ardhi inakatika ghafla, kutoka mita 2,400 hivi pale Iten hadi mita elfu moja na mia moja au mbili kwenye sakafu ya Bonde la Kerio. Ukielekea kusini kwa barabara inayopita Langas kwenda Kapsabet, ukaendelea hadi Nandi Hills, ardhi inakatika tena na kuangukia Chemelil na nyanda za Kano. Maji yanalijua jambo hili tangu zamani. Mvua inayonyesha magharibi ya ukingo wa Elgeyo huingia Mto Sosiani, ikapita katikati ya Eldoret, ikaungana na Kipkaren na Nzoia na kuishia Ziwa Victoria. Inayonyesha ng'ambo ya ukingo huohuo huteremka hadi Mto Kerio na kwenda zake Ziwa Turkana.

Kwa mkimbiaji anayetaka kuacha lami na moshi wa matatu ili akimbie kwenye njia za milima na mabonde, sura hiyo ya ardhi ndiyo ya kufikiriwa kwanza, kabla ya viatu, kabla ya saa ya mkononi, kabla hata ya kuuliza njia ina kilomita ngapi. Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote nitakayosema yanatokana nao: ukienda kukimbia kwenye kingo hizi, shuka kwa gari, kisha upande kwa miguu. Usianzie juu.

Sababu yake inaonekana ukilinganisha nchi hii na milima ya Ulaya, ambako mchezo huu umekua na ambako ushauri mwingi unaosomwa na vijana wetu hutoka. Kule miji na vijiji viko mabondeni. Mashindano ya Sierre-Zinal ya Uswisi, yenye kilomita 31 na jumla ya kupanda ya mita 2,200 hivi, huanzia mji ulio chini kabisa kando ya mto. Mkimbiaji wa kule anapotoka nyumbani huanza kwa kupanda. Akichoka, akiumia, hali ya hewa ikibadilika, anageuka na mteremko unamrudisha kitandani kwake. Kazi ngumu iko mwanzoni, na njia ya kurudi ni rahisi. Kwetu nyumbani ni juu. Anayetoka Iten asubuhi na kuteremkia Kerio anapewa raha kwanza na deni baadaye, na deni hilo hulipwa saa ambayo jua limepanda, maji yamekwisha na mapaja hayana nguvu tena. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya milima ya Alps, kwamba ugeuke ukihisi uchovu, hapa humpata mtu akiwa amechelewa, kwa sababu anayeteremka hahisi uchovu hadi afike chini.

Kwa nini hahisi, mwili wenyewe unaeleza. Watafiti waliopima nishati inayotumika kukimbia kwenye miinuko mbalimbali walikuta kwamba kuteremka kwenye mteremko wa asilimia 20 hivi hugharimu karibu nusu tu ya nishati ya kukimbia mahali tambarare. Moyo unapumzika, pumzi inatosha, mtu anajiona bingwa. Lakini wakati huohuo mguu unaigonga ardhi kwa nguvu zaidi: kwenye mteremko wa nyuzi 9 tu, kilele cha nguvu ya pigo hilo huongezeka kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na tambarare. Misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki. Inanyooshwa huku ikijikaza, na kazi ya namna hiyo huchana nyuzi za misuli kuliko kazi ya kusukuma. Maumivu yake hayaji siku hiyo, huja kesho yake na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo viashiria viwili ambavyo mkimbiaji huvitegemea kujipima, yaani pumzi na moyo, vinampa habari njema wakati miguu inaharibika kimyakimya.

Ongeza hewa. Shinikizo la hewa pale Iten ni kama robo tatu ya lile la Mombasa, ilhali kwenye sakafu ya Kerio linafika kama asilimia 87. Kila hatua ya kuteremka inamwongezea oksijeni mtu aliyezoea kuikosa, naye anazidi kukimbia kwa kasi. Kisha kuna joto. Kwa wastani hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 na nusu za selsiasi kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Toka Iten hadi mtoni ni tofauti ya nyuzi 8 au zaidi, na hiyo ni kabla jua halijapanda. Asubuhi inayodai jaketi Iten inadai fulana nyepesi kule chini. Aliyeshuka akiwa na nusu lita ya maji, kwa kuwa alipotoka kulikuwa na baridi, atalazimika kupanda zaidi ya mita 1,000 kwa kiu.

Geuza safari, na karibu kila kitu kinageuka nayo. Unaanza ukiwa na maji yote, chakula chote na miguu mizima. Joto linakuwa kali pale unapoanzia, na kadiri unavyopanda hewa inapoa. Pumzi inakwambia ukweli tangu dakika ya kwanza, kwa hiyo hutakwenda kasi usiyoimudu. Pigo la mguu juu ya ardhi ni dogo, na magoti hayaumii. La muhimu kuliko yote ni kwamba kila hatua inakusogeza nyumbani. Ukishindwa katikati, umeshindwa karibu zaidi na nyumbani kuliko ulipoanzia, na huna deni lolote mbele yako isipokuwa mita zilizobaki.

Wala huu si uvumbuzi wangu. Wanariadha wa ukanda wa Kaptagat na Kaptarakwa wana njia yao maarufu ya kupanda, ile inayotoka Kimwarer, kwenye mgodi wa Fluorspar, hadi Nyaru. Ni karibu kilomita 21 za kupanda bila kupumzika, zaidi ya mita 1,000 kwenda juu. Husafirishwa kwa gari hadi chini alfajiri, wakashushwa, wakakimbia hadi ukingoni. Watu ambao riziki yao ni miguu, na wanaoweza kuchagua watakavyo, wamechagua kupanda tu. Kocha mwenye akili hapotezi miguu ya mwanariadha wake kwenye mteremko wa kilomita 21 ili kumfikisha mahali pa kuanzia. Ninachosema mimi ni kwamba kanuni hii ya wataalamu inamfaa zaidi yule asiye mtaalamu, anayekimbia Jumamosi baada ya wiki ya kazi, kwa sababu yeye ndiye mwenye miguu dhaifu zaidi na ndiye asiye na gari la kambi linalomfuata nyuma.

Pingamizi la kwanza litakuwa la nauli. Ni kweli, kijana wa Langas anayefanya kibarua hana pesa za kupanda matatu kila wiki ili akakimbie. Lakini tuhesabu sawasawa. Anayeteremka kwa miguu hadi Kerio na kushindwa kupanda atalipa nauli ileile, tena atailipa akichechemea kando ya barabara, kama gari litakuwepo na kama lina nafasi. Nauli ya asubuhi inanunua usalama, ile ya jioni inanunua uokoaji tu. Pia sisemi uende kila wiki. Mara moja kwa mwezi inatosha mwaka wa kwanza, na kazi ya wiki zile nyingine inafanyika Langas penyewe bila kulipa hata shilingi.

Eldoret imekaa juu ya kingo mbili za Sosiani, kwa hiyo ukitoka Langas kuelekea mtoni unashuka, na ukirudi unapanda. Njia za murram za Yamumbi na Kapseret nazo zina mawimbi yake, kila kijito kikiwa na kishuko na kipando. Tafuta mwinuko mmoja ambao kuupanda kwa mbio za wastani huchukua dakika mbili au tatu. Panda kwa mbio, shuka kwa kutembea. Anza na mara sita, ongeza hadi kumi kwa muda wa wiki nne au tano. Kutembea wakati wa kushuka kusikutie haya, huko ndiko kuilinda misuli ya mapaja ili Jumanne uweze kukimbia tena. Mbio ndefu za Jumapili zipangwe hivyohivyo. Anzia mahali pa chini, umalizie mahali pa juu, hata kama tofauti ni mita 100 tu. Mwili ujifunze kwamba mwisho wa mbio ndiko kwenye kazi. Na kwa kuwa magari ya Kenya hupita kushoto, kwenye kipande chochote cha lami kimbia upande wa kulia ukiyatazama yanayokujia. Barabara ya Kapsabet alfajiri ina malori na bodaboda zisizo na taa, na hilo ni hatari kubwa kuliko mwinuko wowote.

Pingamizi la pili ni la mwanamichezo wa kweli, nalo ni zito. Mashindano ya milimani yana miteremko. Asiyejifunza kuteremka ataachwa na wazungu waliolelewa kwenye mawe, hata akiwa wa kwanza kileleni. Nakubali nusu yake. Kuna mashindano ya kupanda pekee, na huko Wakenya wameng'ara: Patrick Kipngeno alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kupanda kule Chiang Mai, Thailand, mwaka 2022, akautwaa tena Innsbruck, Austria, mwaka 2023. Kabla yake Lucy Murigi alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mara mbili mfululizo, 2017 na 2018. Lakini Philemon Kiriago aliposhinda Sierre-Zinal mwaka 2023 ilibidi apande na kuteremka, na asingeshinda kama angeijua sehemu ya kwanza tu.

Kwa hiyo kuteremka kufundishwe, lakini kama dawa, kwa kipimo. Misuli iliyochanwa kidogo na mteremko hujijenga, na kipindi kimoja cha kuteremka huikinga dhidi ya maumivu ya kipindi kinachofuata kwa wiki kadhaa. Maana yake ni kwamba huhitaji kilomita 15 za kuteremka ili upate kinga hiyo. Dakika kumi za kuteremka kwa hatua fupi za haraka, kwenye nyasi au udongo laini, mara moja kila siku kumi, zinatosha kwa anayeanza. Zifanye karibu na nyumbani, mwishoni mwa mazoezi mepesi, mahali ambapo goti likilalamika unaweza kutembea hadi mlangoni. Mwili uinamie mbele kidogo kutoka kwenye vifundo, macho yatazame hatua tatu au nne mbele, na mguu utue chini ya mwili, usirushwe mbele kama mkongojo. Anayejifunza kuteremka kwa kujitupa ukingoni Iten amechukua dozi ya mwezi mzima kwa siku moja.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Magoti na mapaja yaliyoumizwa na mteremko humpeleka kijana kwenye duka la dawa au zahanati kuomba sindano ya haraka. Baadhi ya sindano hizo zina triamsinoloni, dawa ya kupunguza uvimbe ya jamii ya kotisoni. Tangu Januari 2022 dawa za jamii hiyo zikidungwa kwa sindano ya aina yoyote zimepigwa marufuku wakati wa mashindano. Mwaka huohuo mshindi wa wanaume na mshindi wa wanawake wa Sierre-Zinal, wote wawili Wakenya, walipatikana na triamsinoloni na wakanyang'anywa ushindi. Sitamhukumu mtu hapa. Ninachomwambia kijana ni kwamba kabla sindano haijaingia aulize jina la dawa, alihifadhi kwa maandishi, na kama ana nia ya kushindana amweleze daktari hivyo waziwazi. Maumivu ya misuli ya siku mbili au tatu hupona kwa kupumzika, kutembea polepole na kula. Vidonge vya kutuliza maumivu navyo visimezwe kabla ya mbio za joto, kwa sababu mwili uliopungukiwa na maji ukiongezewa vidonge vya aina ya ibuprofeni huyatesa mafigo.

Pingamizi la tatu ni la majina makubwa. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin kwa 2:01:09 mwaka 2022 kutokana na murram ya Kaptagat. Kuna haja gani ya kingo na makorongo? Kama lengo lako ni marathoni ya barabarani, huenda huna haja kubwa, nami sitakushawishi. Njia hizi ni za anayetaka mashindano ya milimani, au anayetaka nguvu za miguu bila kugonga lami kila siku, au anayependa tu kuiona nchi yake kwa miguu, na sababu hiyo ya mwisho inatosha kabisa. Zipo pia njia ambazo haziko kwenye kingo. Msitu wa Singore karibu na Iten na ule wa Kaptagat ina barabara za udongo zenye kivuli, na kwa mtu anayetoka kwenye tambarare ndizo darasa la kati. Milima ya Cherangany, ambayo kilele chake kirefu zaidi kinapita mita 3,500, hupandwa kutoka uwandani kama milima mingine yote, kwa hiyo kule ushauri wa Alps unafaa kama ulivyo. Mlima Elgon una mbuga ya taifa yenye nyati na tembo, na huko hukimbii bila kuuliza askari wa wanyamapori.

Kuna atakayesema kwamba kupanda kutoka Kerio ni kukimbilia hewa inayopungua, kutoka asilimia 87 hadi 75, na kwamba hilo ni gumu kuliko kurudi chini. Ni gumu, ndiyo. Lakini kwa mkaazi wa mita 2,100, hewa ya Iten haina ugonjwa wowote, inakupunguzia kasi tu. Joto linaua, hewa nyembamba inachelewesha. Ukipanda, joto na hewa hupungua pamoja, na ninaona ni biashara nzuri. Sahau kasi ya saa ya mkononi. Kipimo ni kwamba uweze kutamka sentensi nzima kumjibu mwenzako bila kukatika. Ukishindwa, tembea. Penye mwinuko mkali sana kutembea hugharimu nishati kidogo kuliko kukimbia, ndiyo maana hata mabingwa wa milimani huonekana wakitembea na mikono juu ya magoti.

Sasa safari yenyewe. Usianze na Fluorspar wala sakafu ya Kerio. Anza na Tambach, mji mdogo ulio kwenye kidato kati ya ukingo na bonde, kwenye barabara ya Iten kwenda Kabarnet. Ukitoka Langas saa kumi na moja alfajiri, ukapata gari la Iten mjini Eldoret na jingine la kuelekea Kabarnet, unaweza kuwa Tambach kabla jua halijawa kali. Ukuta wa Elgeyo unatazama mashariki, kwa hiyo jua linalochomoza saa kumi na mbili na nusu linaupiga moja kwa moja na kumchoma mpandaji mgongoni. Kufikia saa tatu joto ni la kuhesabiwa. Alasiri ukuta unaingia kivulini, jambo linalowavutia wengi, lakini alasiri ndiyo saa ya radi na mvua, na giza la nchi hizi za ikweta halina subira: jua likizama saa kumi na mbili na nusu jioni, kufikia saa moja huoni unapokanyaga. Asubuhi, basi, licha ya jua lake.

Baada ya kupanda kutoka Tambach mara tatu au nne bila kulazimika kusimama sana, teremka mbali zaidi kwa gari. Upande wa Nandi uwe wa baadaye. Barabara ya kutoka Chemelil kupanda Nandi Hills ina sura ileile, na kwa mtu wa Langas matatu za kuelekea huko zinapita karibu na mlango. Lakini joto la Chemelil lina unyevu wa ziwa, jasho halikauki vizuri, na mvua za mawe za Nandi zinajulikana na kila mkulima wa chai. Mashamba ya chai nayo yana wenyewe. Pita kwenye barabara za umma au omba ruhusa.

Kuhusu vitu vya kubeba sitasema mengi. Lita moja na nusu ya maji kwa mtu mmoja kutoka sakafu ya bonde, ndizi mbivu au viazi vilivyochemshwa vyenye chumvi, kipande cha sukari nguru, simu iliyojaa chaji, na pesa za nauli zilizofungwa kwenye nailoni. Kunywa unaposikia kiu. Kujishindilia maji kupita kiu huifanya chumvi ya damu ipungue na kunaweza kumwangusha mtu vibaya kuliko kiu yenyewe. Maji ya vijito usiyanywe bila kuyatibu, kwa kuwa juu yako kuna mifugo na nyumba. Ya Sosiani baada ya kupita mjini usiyaguse kabisa. Viatu viwe na soli yenye meno, hata kama ni vya mitumba, mradi kisigino hakichezi ndani.

Malaria isisahaulike. Bonde la Kerio lina mbu waenezao malaria, na aliyekulia nyanda za juu hana kinga ya kutosha. Anayesubiri gari au kuanza kukimbia alfajiri kule chini avae suruali ndefu na mikono mirefu mpaka mwili upate joto. Homa ikikupata kuanzia wiki moja hadi mwezi baada ya safari, viungo vikiuma, usiseme ni uchovu wa mazoezi. Pimwa, na umwambie mhudumu kwamba ulikuwa bondeni.

Mvua ndiyo ninayoiogopa kuliko wanyama. Miteremko hii imeporomoka na kuua watu wakiwa usingizini majumbani mwao: Pokot Magharibi Novemba 2019, Chesegon Aprili 2020, Chesongoch usiku wa kuamkia Novemba mosi, 2025. Udongo uliolowa kwenye mwinuko mkali haubagui mkazi na mpita njia. Ikiwa imenyesha sana usiku, baki Langas ukafanye mazoezi ya mwinuko wako mdogo. Msimu mzuri wa ukuta ni Desemba hadi Februari. Aprili na Mei, Julai na Agosti, na tena Novemba, uwe mwangalifu sana. Kijito kinaweza kujaa ghafla chini ya mbingu safi kwa sababu imenyesha huko juu kwenye msitu. Maji yakiwa ya kahawia na yakipita goti, usiyavuke, hata kama wenyeji wanavuka, kwa sababu wao wanalijua kila jiwe la mle ndani.

Sehemu za kaskazini za bonde, kuelekea Tot na mpaka wa Pokot, si za kukimbia kwa sasa. Mwaka 2023 serikali ilizitangaza sehemu za Elgeyo-Marakwet na kaunti jirani kuwa zenye hatari kwa sababu ya wizi wa mifugo wa kutumia bunduki, na mgeni anayekimbia alfajiri kwenye njia ya mifugo anaweza kudhaniwa lolote. Vilevile hifadhi ya Rimoi ina tembo, na tembo hutoka hifadhini. Ukiwa kwenye njia za miguu za Wakeiyo, salimu kila unayemkuta. Neno "chamgei" kwa mzee aliyesimama na ng'ombe wake linafungua mazungumzo, naye atakwambia njia ipi imebomoka, mbwa wa nani ni mkali na wapi kuna shamba jipya lililofunga kichochoro. Nendeni wawili au watatu, hasa wasichana, na mtu mmoja aliyebaki nyumbani ajue mmeanzia wapi na mnatarajia kufika Iten saa ngapi.

Siku ya kwanza kutoka Tambach msiachane na barabara kuu, hata kama njia za mkato zinavutia. Hesabuni kona mnazopita na muda wa kila kona, ili safari ijayo mjue mwendo wenu halisi. Ikifika saa nne asubuhi na bado ukingo hauonekani, au mwenzenu mmoja ameacha kujibu kwa sentensi nzima, simamisheni matatu ya kwanza inayopanda.